Mfuko unaozamisha: maana ya "sinking fund" kwenye bili ya ghorofa yako

Jumapili moja mchana, wakazi wa jengo letu hapa Upanga tulikaa kikao kwenye maegesho ya magari, juu ya viti vya plastiki, kwenye kivuli cha tangi la maji. Ajenda ilikuwa moja: mstari mpya kwenye bili ya mwezi. Juu kulikuwa na ada ya huduma tuliyoizoea. Chini yake pameandikwa maneno mawili ya Kiingereza, "sinking fund", na kiasi cha fedha mbele yake. Hakuna maelezo mengine.

Mzee mmoja wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, aliinua karatasi yake akasema: "Jamani, Kiingereza nimekifundisha miaka thelathini. 'Sinking' ni kuzama. Sasa mnaniambia nitie pesa ya pensheni yangu kwenye mfuko unaozama?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Usiku ule kwenye grupu la WhatsApp swali likazaa maswali. Zinazama wapi? Anayezizamisha ni nani? Si tulishalipa ada ya huduma? Wengine waliapa hawatoi hata senti.

Mimi kazi yangu ni uhasibu. Neno hili nimeliandika kwenye vitabu vya watu miaka mingi, wala sikuwahi kusimama nikajiuliza linasikikaje kwa mtu anayekutana nalo mara ya kwanza. Linasikika vibaya sana. Mjini hapa mtu akisema "hela yangu imezama", anamaanisha ameliwa, hairudi. Kumpelekea mtu kama huyo bili yenye neno la kuzama, tena bila kumfafanulia, ni kumfukuza kwenye jambo ambalo kwa kweli ni la kumlinda. Kwa hiyo nataka nilieleze polepole, tangu kwenye neno lenyewe.

Kiswahili chetu kina kitu ambacho Kiingereza hakina hapa. Sisi tunatenganisha kuzama na kuzamisha. Ngalawa inazama, wimbi linazamisha. Ukiongeza kile kiambishi kidogo, msikilizaji anajua papo hapo nani anakwenda chini na nani anayempeleka. Kiingereza kinatumia neno moja, "sink", kwa yote mawili. Meli ikienda chini yenyewe, ni "sink". Adui akiipiga ikaenda chini, ni "sink" vilevile. Kwa hiyo ukikutana na "sinking ship", meli ndiyo inayozama. Ukikutana na "sinking fund", mfuko hauzami. Mfuko ndio unaozamisha.

Unazamisha nini? Hapo mwanzo ulizamisha deni. Waingereza wa miaka ya 1700 walisema kuzamisha deni kwa maana ya kulipunguza kidogo kidogo mpaka liishe. Mwalimu wetu alikuwa sahihi kuhusu kitenzi, ila alimweka mtu mwingine majini.

Tukiliweka kwa lugha ya kawaida: "sinking fund" ni fedha zinazotengwa kidogo kidogo, kwa utaratibu, pembeni na matumizi ya kila siku, kwa ajili ya gharama kubwa ambayo tunajua itakuja. Katika maelezo hayo, maneno yenye uzito ni "tunajua itakuja". Fedha ya dharura ni ya mambo usiyoyajua: ugonjwa, msiba, mafuriko. "Sinking fund" ni ya jambo ambalo lina uhakika wa kufika, hata kama tarehe yake hatujaiandika kwenye kalenda.

Dereva wa bodaboda anayejitambua anaujua mfuko huu hata kama hajawahi kusikia jina lake. Anajua tairi la nyuma litakwisha. Anajua cheni itachoka, na injini siku moja itafunguliwa. Kila jioni, akishatoa hesabu ya tajiri na mafuta, anadumbukiza shilingi 1,000 au 2,000 kwenye kibubu ambacho hakiguswi kwa chips wala kwa vocha. Tairi likiisha anavunja kibubu, ananunua tairi, kesho yuko kijiweni. Mwenzake asiye na kibubu anakopa kwa riba ya mtaani, na tairi moja linamgharimu bei ya matairi mawili. Mzazi anayeanza kuweka hela ya ada mwezi wa nne badala ya kusubiri Januari naye anafanya kitu hicho hicho.

Upatu, ambao wengi tuliutaja kwenye kikao, haufanani nao sana. Kwenye upatu anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake, na wa mwisho amekuwa akiwakopesha wote. Fedha haikai, inazunguka. "Sinking fund" sharti ikae, ikingoje siku yake.

Jina lina historia, na historia hiyo ina funzo kwa kamati yoyote ya jengo. Mwaka 1717 Uingereza, ikiwa imelemewa na madeni ya vita, ilianzisha mfuko wa namna hii kwa mpango uliotoka kwa Robert Walpole. Wazo lilikuwa zuri: riba ya madeni ya zamani ipunguzwe, na kinachookolewa kiingie kwenye mfuko wa kulipia deni lenyewe. Tatizo la mfuko wenye fedha ni kwamba unaonekana. Mwaka 1733 Walpole yule yule, sasa akiwa mkuu wa serikali, alichota humo pauni 500,000 kwa matumizi ya kawaida ya serikali, maana kuongeza kodi ya ardhi kungewaudhi wenye ardhi. Mlango ulipofunguka mara moja, haukufungwa vizuri tena. Mwanauchumi Adam Smith, aliyeandika mwaka 1776, aliliona hilo akasema mfuko ulioanzishwa kulipa deni la zamani unarahisisha sana kukopa deni jipya.

Wakajaribu tena mwaka 1786, safari hii chini ya waziri mkuu William Pitt mdogo. Kila mwaka pauni milioni moja, na fedha zikawekwa mikononi mwa makamishna maalumu ili mawaziri wasizifikie kirahisi. Hapo walikuwa wamejifunza. Lakini vita na Ufaransa vilipoanza mwaka 1793, matumizi yakapita mapato, na serikali ikawa inakopa fedha mpya kwa masharti magumu ili iendelee kuujaza mfuko wa kulipia deni la zamani. Mwaka 1813 mwanahisabati wa Aberdeen, Robert Hamilton, alionyesha kwa hesabu kwamba huo haukuwa ulipaji. Ni sawa na mtu anayekopa kikoba kwa riba ya asilimia kumi ili aweke kwenye kibubu kisicho na riba, kisha akajisifu kwamba ana akiba. Deni halipungui kwa kuhamisha fedha mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Linapungua pale tu unapotumia chini ya unachopata.

Baadaye kampuni zilizokuwa zinakopa kwa hati fungani, yaani hati za ahadi ya kulipa mkopo na riba kwa tarehe maalumu, zikautumia utaratibu huo. Badala ya kungoja siku ya mwisho zilipe mkopo wote kwa mkupuo, zikawa zinatenga sehemu kila mwaka. Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha hivi karibuni ugumu wa deni la mkupuo. Mwaka 2014 walikopa kwa hati fungani za dola, na dola bilioni 2 zilitakiwa zilipwe kwa pamoja Juni 2024. Siku ilipokaribia, soko zima lilikuwa linauliza fedha zitatoka wapi. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola moja. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine ili inunue sehemu kubwa ya lile deni la zamani. Mkopo wa zamani ulikuwa na riba ya asilimia 6.875, mpya ukawa na asilimia 9.75. Tarehe ile ilijulikana kwa miaka kumi. Ndiyo maana nasema siku inayojulikana ndiyo ya kuwekea fedha.

Kutoka kwenye deni hadi kwenye lifti ni hatua fupi. Lifti mpya, siku inapowashwa, inaanza kuzeeka. Paa vilevile, pampu vilevile, jenereta vilevile. Kila mwezi tunaopanda lifti ile tunakula kidogo ya uhai wake, na hicho tunachokula ni deni tunalodaiwa na jengo, ingawa hakuna anayetuletea barua ya madai. Barua huja siku moja tu, lifti ikigoma. Hapa Upanga, tunapopumua hewa ya bahari, barua hiyo huja mapema: chumvi inakula vyuma, nondo za vibaraza zinaota kutu, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo vifaa vya kuongozea lifti ndivyo vinavyoumia.

Nchi zilizotangulia kuishi kwenye maghorofa ya wamiliki wengi zimeliingiza jambo hili kwenye sheria. Singapore inataka fedha za uendeshaji na "sinking fund" zitenganishwe. Malaysia, kwa sheria yake ya mwaka 2013, inataka mchango wa mfuko huu uwe sawa na asilimia 10 ya ada ya huduma. Sisi tulipata mwaka 2008 sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, na tangu hapo watu wengi wa Dar es Salaam, Upanga, Kariakoo hadi Masaki, wamenunua nyumba iliyo hewani, yenye hati yake. Hati wanaisoma vizuri. Kinachosahaulika ni kwamba pamoja na vyumba vitatu umenunua pia kipande cha paa, kipande cha ngazi na kipande cha lifti, hata kama huishi ghorofa ya juu.

Tupige hesabu kwa namba za mviringo, kama nilivyofanya ubaoni kwenye kikao kilichofuata. Tuseme jengo lina nyumba 24, na kubadilisha lifti kungegharimu leo shilingi milioni 120. Lifti itadumu miaka 15. Kila nyumba inadaiwa milioni 5, ukigawa kwa miezi 180 unapata kama shilingi 27,800 kwa mwezi. Rahisi. Ila bei haitangoji. Ikipanda asilimia 4 kila mwaka, lifti ile baada ya miaka 15 itagharimu karibu milioni 216, na mchango unakuwa shilingi 50,000 kwa mwezi kwa kila nyumba.

Hapo watu waliguna. Nikawaomba wasubiri. Hizo 50,000 ni kama fedha zitalala kwenye akaunti isiyozaa kitu. Zikiwekwa mahali panapotoa asilimia 6 kwa mwaka baada ya makato, kwa mfano kwenye hati fungani za Serikali au mfuko wa uwekezaji wa pamoja, mchango unashuka hadi kama 31,000. Yaani faida inabeba karibu mzigo wote wa kupanda kwa bei. Fedha ya mfuko huu haikai bure, na ikikaa bure kamati iulizwe.

Swali lililofuata lilitoka kwa kijana wa ghorofa ya kwanza: jengo lenyewe jipya, kwa nini tusianze baadaye? Hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote. Chukua namba zile zile, na tuache faida pembeni. Ukianza siku ya kwanza, ni 50,000. Ukingoja miaka kumi ndipo uanze, umebakiwa na miezi 60, na mchango unakuwa 150,000. Usipoanza kabisa, ni milioni 9 kwa wiki moja, mkononi, kutoka kwa kila mlango, akiwemo mwalimu mstaafu, akiwemo mjane, akiwemo yule aliyehamia juzi na hajamaliza mkopo wa benki.

Mimi nimeiona siku hiyo. Kabla ya hapa nilipanga kwenye jengo lingine mjini, la ghorofa saba, ambalo halikuwa na mfuko wowote. Lifti ilikufa. Wamiliki walibishana miezi mitano nani alipe nini, wa ghorofa za chini wakisema wao hawapandi. Jirani yangu wa ghorofa ya sita alikuwa bibi mwenye magoti mabovu. Kila wiki alikuwa na siku ya kliniki. Wajukuu zake wawili walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, mmoja akashika miguu ya mbele, mwingine mgongo, wakateremka naye ngazi kwa ngazi. Kila kwenye kona walimtua wapumzike, na yeye akiwaambia taratibu, wanangu, taratibu. Mkono mmoja alishika ukuta, mwingine alishika pochi yake. Nilipishana nao mara nyingi, nikitoa shikamoo nikiwa nimejibana ukutani ili wapite. Kila nikisikia mtu anasema mfuko huu ni ulaji, namkumbuka bibi yule na alama ya kiganja chake kwenye rangi ya ukuta.

Mbali zaidi na hapa kuna Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 huko Surfside, Florida, ambalo sehemu yake ilianguka usiku wa Juni 24, 2021 na kuua watu 98. Wachunguzi ndio wenye kazi ya kueleza kilichoangusha nguzo, wala sitaki kuwasemea. Ila inajulikana kwamba akiba ya jengo lile ilikuwa ndogo mno mbele ya ukarabati wa dola milioni 15, na wamiliki walikuwa wamebishana muda mrefu juu ya mchango huo. Mwaka uliofuata, Florida ilibadilisha sheria yake ili wamiliki wa majengo ya ghorofa tatu au zaidi wasiweze tena kupiga kura ya kutochangia akiba ya sehemu zinazobeba jengo.

Nirudi kwenye maswali ya grupu letu. Ada ya huduma inalipa yaliyokwisha kutumika mwezi huu: mlinzi, usafi, taka, umeme wa ngazi, mafuta ya jenereta. Mwezi ukiisha, nayo imeisha. "Sinking fund" inalipa yajayo, na salio lake linatakiwa likue. Mkiona salio halikui na hakuna kilichojengwa, hapo ndipo pa kupiga kelele. Mpangaji akiuliza kama inamhusu, jibu liko kwenye mkataba wake, lakini busara ni kwamba ni ya mwenye nyumba, maana lifti mpya inaongeza thamani ya mali yake, siyo ya mtu atakayehama mwezi wa sita. Ukiuza nyumba, kwa kawaida mchango wako haurudishwi. Mchango huo unabaki kwenye jengo, na mnunuzi mwenye akili atakulipa zaidi kwa nyumba iliyo kwenye jengo lenye akiba kuliko kwa ile iliyo kwenye jengo lenye madeni.

Kuna neno jingine lililochangia mkanganyiko, nalo ni "sunk cost". Vijana wa biashara wanalitaja sana. Hilo ni fedha iliyokwisha kutumika na haiwezi kurudi, ufanye nini ufanye: umechimba kisima maji yakawa ya chumvi, hela ya kuchimba imekwenda. Hiyo kweli imezama. Moja ni la nyuma, jingine ni la mbele, na Mwingereza kayazaa yote kwenye kitenzi kimoja. Mtu akichanganya hana hatia.

Lakini wenye shaka nao wana hoja, na sitaki kuwafunika. Kama mkuu wa serikali ya Uingereza alishindwa kujizuia asichote, kwa nini tumwamini mweka hazina wa jengo? Tusimwamini kwa uso wake. Fedha ikae kwenye akaunti yake peke yake, isichanganywe na ya ada ya huduma. Watia saini wawe watatu, na angalau mmoja awe nje ya kamati. Taarifa ya benki ibandikwe ukutani karibu na lifti kila baada ya miezi mitatu, siyo muhtasari uliochapwa na mtu, taarifa yenyewe. Na iandikwe tangu mwanzo mfuko huu ni wa vitu gani: lifti, paa, pampu, mabomba makuu, rangi ya nje. Kitu kisicho kwenye orodha hakilipiwi humo mpaka mkutano wa wote ukubali. Kikao chetu kiliyapitisha hayo manne, kwa mabishano makali kwenye lile la watia saini.

Huko New South Wales, Australia, walikuwa na neno hili hili kwenye sheria ya majengo yao, na sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2016 walilitoa, wakaweka jina lenye maana ya mfuko wa kazi kubwa za ukarabati. Niliwaeleza wenzangu hilo mwishoni, watu wakiwa wameanza kukusanya viti. Mwalimu wetu alikuwa bado amekaa. Akatoa kalamu mfukoni, akaipiga mstari ile "sinking fund" kwenye bili yake, akaandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: "Mfuko wa lifti na paa." Akampa mweka hazina karatasi. "Mwezi ujao niandikie hivi," akasema, "nitalipa."